Walezi wa Kambi ya Brownsea

Ubora wa kambi ya watoto hutokana na walezi wake. Mwezi wa Agosti 1907, siku za joto huko Uingereza, Robert Baden-Powell aliwapeleka wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, wana wa matajiri pamoja na wana wa wafanyakazi. Msaidizi wake alikuwa Kenneth McLaren, rafiki yake wa jeshini. Asubuhi waliamshwa kwa pembe ya tandala iliyotoka Afrika.

Wavulana waligawanywa vikosi vinne, na kila kikosi kiliongozwa na mvulana, aliyejibu kwa mwenendo wa wenzake. Kila usiku kikosi kimoja, kwa zamu, kilitoka kambini na posho ya unga, nyama na viazi. Kila mmoja akajipikia, kisha wakalinda zamu. Naye mkuu huwanyemelea gizani, ili awapime. Hivyo aliwaamini, wala hakuwatupa.

Baden-Powell alifariki mwaka 1941, akazikwa Nyeri, Kenya. Basi mzazi apelekaye mtoto kambini yampasa aulize: Ni nani atakayemlea, na atamwamini kwa kazi gani? Mtoto achungwaye kama mbuzi hungoja fimbo. Aaminiwaye hujifunza kujichunga.