Magari Mawili ya Molsheim

Mwaka 1909 Ettore Bugatti alifungua kiwanda cha magari Molsheim, mji uliokuwa chini ya Ujerumani na ambao sasa ni wa Ufaransa. Tulinganishe magari mawili ya mji huo.

La kwanza ni Type 35, gari la mashindano la mwaka 1924: silinda 8, injini ya lita 2, nguvu za farasi 90 hivi, uzito kilo 750 hivi. Breki zake zilivutwa kwa nyaya.

La pili ni Chiron la mwaka 2016, la kampuni mpya yenye jina lile lile: silinda 16, lita 8, farasi 1,500, uzito karibu kilo 2,000. Humo kompyuta ndiyo husimamia injini na breki.

Hata hivyo, hakuna gari lijiundalo lenyewe. Mwaka 1936 wafanyakazi wa Bugatti waligoma, kama wenzao wengi nchini. Tajiri aliudhika, akahamia Paris. Lakini mwaka huo huo sheria iliwapa wafanyakazi wa Ufaransa wiki ya kazi ya saa 40, na likizo ya wiki mbili yenye malipo.

Ndugu wafanyakazi, tunaposifu mwendo wa gari, tuikumbuke na mikono iliyoliunda.