Catalina ya Dar es Salaam ndani ya boksi la Airfix

Katika seti za zamani za plastiki, ni chache sana ambazo mtu wa Afrika Mashariki anaweza kuziunda akijua kwamba ndege yenyewe iliwahi kuelea katika maji ya kwao. Catalina ya Airfix ni mojawapo. Kampuni hiyo ya Uingereza iliitoa miaka ya 1960, kwa kipimo cha 1/72, yaani kila sentimita ya plastiki ni sawa na sentimita 72 za ndege halisi. Mabawa yaliyokuwa na mita 31.7 kutoka ncha hadi ncha yanakuwa sentimita 44. Kiwiliwili cha mita 19 na nusu kinabaki sentimita 27. Kwa anayeiundia Ganako, Karatu, kwenye meza ya kulia chakula, nafasi inatosha na sahani zinabaki na pembe yao.

Catalina halisi ilitengenezwa na kampuni ya Consolidated ya Marekani na iliruka mara ya kwanza Machi 1935. Ilikuwa ndege ya doria na ya mabomu, yenye tumbo la mashua, iliyotua na kuruka majini. Haikuwa na mbio: mwendo wake wa kawaida ulikuwa kama kilomita 200 kwa saa, ambao dereva wa basi la usiku asingeuogopa. Nguvu yake ilikuwa uvumilivu. Injini mbili za Pratt & Whitney, kila moja ya nguvu za farasi 1,200, ziliweza kuiweka hewani zaidi ya saa kumi na tano, huku wanajeshi wake wakipokezana kulala, kupika na kukodolea macho bahari kupitia vioo viwili vilivyovimba ubavuni.

Uvumilivu huo ndio ulioifikisha pwani ya Waswahili. Aprili 1942 Wajapani waliishambulia Colombo kwa ndege, na kundi la manowari za Uingereza katika Bahari ya Hindi likahamishia makao yake Kilindini, Mombasa. Wavunjaji wa mawasiliano ya siri wakaenda nao, wakafanyia kazi katika majengo ya shule ya Allidina Visram. Februari 1943 kikosi cha 259 cha Jeshi la Anga la Uingereza kiliundwa Kipevu, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kikiwa na Catalina za kuwinda nyambizi. Tarehe 20 Agosti mwaka huo Catalina yenye herufi C ya kikosi hicho iliikuta nyambizi ya Ujerumani U-197 kusini mwa Madagaska, baada ya mawasiliano yake ya redio kunaswa. Iliishambulia, kisha ikaendelea kuizunguka mpaka ilipofika Catalina ya pili, ya kikosi cha 265, iliyoimaliza kwa mabomu ya kulipukia chini ya maji. Watu wote 67 waliokuwa ndani walikufa. Mwezi uliofuata kikosi cha 259 kilihamia Dar es Salaam, kikakaa huko karibu mpaka vita viishe.

Hatari yenyewe haikuwa ya Wazungu peke yao. Februari 1944 msafara wa meli za askari uliong'oa nanga Kilindini kuelekea Colombo ulivamiwa karibu na Maldivi na nyambizi ya Kijapani I-27. Meli ya Khedive Ismail ilizama kwa dakika chache, na katika watu 1,297 waliokufa walikuwamo wapiga mizinga wengi wa Afrika Mashariki. Hata huku bara vita vilikuwa vimebisha hodi mapema: walowezi wa Kijerumani waliolima kahawa Oldeani, juu kidogo ya Karatu, walikamatwa na kuwekwa kizuizini vita vilipoanza 1939.

Mtanzania anaweza kudai kwamba ndege ya mabomu inayomhusu zaidi ni Tupolev Tu-22 ya Libya, ile iliyotumwa Mwanza mwezi Machi 1979 kulenga maghala ya mafuta ikaishia kuua swala wa kisiwa cha Saanane. Seti zake zipo. Lakini ile ilikuja mara moja kwa ubaya; Catalina iliishi hapa.

Tatizo huanza boksi likifunguliwa. Airfix walitengeneza Catalina ya aina ya PBY-5A, yenye magurudumu yanayojikunja na kulala katika mashimo ya ubavuni, iwezayo kutua majini na nchi kavu. Ndege za kikosi cha 259 zilikuwa za aina ambayo Waingereza waliiita Mk IB, mashua tupu isiyo na magurudumu. Anayefuata karatasi ya maelekezo bila kuuliza atapata ndege nzuri ambayo haikuwahi kuelea Dar es Salaam, na ni hapo kazi ya kuunda inapogeuka kuwa kazi ya kusoma. Mashimo mawili ya ubavuni yanapaswa kuzibwa, na milango ya gurudumu la puani pia. Kipande cha plastiki kutoka kikombe cha mtindi, kikiwa cha aina ileile ya polistirini, hukatwa kwa umbo la shimo na kugandishwa. Juu yake hupakwa pati, ileile wanayotumia mafundi wa magari kuziba mabonde ya mabodi. Karatu, mji unaoishi kwa magari ya utalii, haukosi fundi wa kumegea mtu kijiko kimoja. Pati ikikauka husuguliwa kwa msasa wa maji, kuanzia namba 400 mpaka 1200, hadi kidole kisihisi ukingo. Kuna faida ndogo inayokuja na usumbufu huu: modeli ya magurudumu huhitaji risasi ya mshipi wa kuvulia ndani ya pua ili isikalie mkia, na mashua haihitaji.

Kabla ya hayo yote vipande huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kwa kuwa mafuta ya kiwandani yakibaki juu yake rangi haishiki. Bawa lililopinda kwa miaka mingi ya kubanwa ndani ya boksi huzamishwa katika maji ya moto ambayo mkono unayavumilia, likanyooshwa taratibu, kisha likashikiliwa mpaka lipoe. Gundi inayofaa ni ile inayoyeyusha plastiki kidogo na kuunganisha nusu mbili ziwe kitu kimoja. Supagluu hushika haraka, lakini mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye vioo. Vile vioo viwili vya ubavuni ni heri vigandishwe kwa gundi nyeupe ya mbao. Kiwiliwili kikishaunganishwa hubanwa kwa rababendi na vibanio vya nguo usiku kucha.

Bawa ndilo linalotia jasho. Catalina hulibeba juu ya nguzo moja nene katikati ya mgongo, likisaidiwa na mihimili minne myembamba, miwili kila upande. Nguzo ikikaa upande kwa milimita moja, ncha ya bawa itaonyesha kosa hilo mara kadhaa zaidi. Njia ya kuaminika ni kuacha mihimili kwanza, kugandisha bawa juu ya nguzo, na kulinganisha urefu kutoka kila ncha hadi mezani kwa rula wakati gundi ingali laini.

Ribiti ni ugomvi wa kudumu. Seti za Airfix za wakati ule zimejaa vinundu vya ribiti ambavyo, vikikuzwa mara 72, vingekuwa vikubwa kuliko ribiti yoyote iliyowahi kupigwa kwenye ndege. Wapo wanaovisugua vyote. Kuvipunguza nusu kunatosha: vikiondolewa kabisa, seti ya miaka ya 1960 inapoteza sura inayoitambulisha, na aliyetaka ulaini angenunua seti mpya.

Stika za zamani huwa zimegeuka manjano. Zikibandikwa kwenye kioo cha dirisha lipigwalo na jua, siku kadhaa huzirudishia weupe, na jua la nyanda za juu la Karatu kati ya mawingu na mawingu hufanya kazi hiyo vizuri. Karatasi iliyochakaa hupuliziwa vanishi kwanza, la sivyo picha hupasuka vipande vipande ndani ya maji.

Rangi za kawaida za ndege za doria za Uingereza zilikuwa kijivu cha aina mbili juu, kimoja kilichokoza na kingine chenye ukijani, na nyeupe pembeni na chini. Rangi ya mafuta hukauka polepole Juni na Julai, baridi inapoingia Karatu, na kiangazi huleta vumbi jekundu linalotua juu ya nyeupe kabla haijashika. Boksi kubwa la kadibodi lililogeuzwa na kufunika kazi yote huzuia vumbi bila gharama. Baada ya hapo rangi ya juu hufifishwa kidogo, kwa kuwa jua na chumvi ya bahari havikuiacha ndege ya Kipevu iking'aa.

Herufi C huchukuliwa kutoka stika za ziada za seti nyingine. Waya wa antena hupatikana kwenye fremu iliyobaki: kijiti chake kikishikwa juu ya mshumaa mpaka kilainike, kisha kikivutwa, hutoka uzi mwembamba kama unywele. Maboya ya ncha za bawa yanaweza kugandishwa yakiwa yamekunjwa juu, kwa ndege iliyo angani, au yameshushwa, kwa iliyo majini. Kwa kuwa mashua haisimami yenyewe mezani, modeli hii hukaa juu ya kistendi, au juu ya magurudumu ya muda ya mbao, ya namna ile ambayo mafundi wa kikosi waliyafunga ubavuni ndege ikiwa bado majini ili ivutwe ufukweni kwa matengenezo.