Mkia Uliojipinda Katika Silanga la Oyugis

Ni ule mkia ulioninyima usingizi. Kwenye silanga moja kando ya barabara ya Oyugis kwenda Kosele, bata mdomo-njano walikuwa wakila kama walavyo siku zote, kichwa majini, mkia juu. Mmoja wao alikuwa na manyoya mawili meusi ya mkia yaliyojipinda kuelekea mgongoni, yaking'aa kila alipogeuka. Miguu yake ilikuwa ya rangi ya chungwa, ya wenzake imekolea weusi. Kifuani palikuwa na baka jeupe lisilo na mpaka wa wazi. Mdomo nao haukuwa wa manjano safi wenye weusi juu yake. Ulikuwa wa kijani kilichofifia.

Aliyenionyesha ni mwalimu mstaafu ambaye hubeba darubini hata akienda sokoni. Nilimwuliza kama huyo ni chotara.

"Mwanangu, chotara ni jibu la mwisho. Usianze nalo."

Kwanza utazame umri, alinieleza. Kinda wa bata bukini wa Misri hana lile baka la kahawia jichoni wala kifuani, na wengi humdhania ndege wa aina nyingine kabisa. Utazame na msimu, kwani bata akibadilisha manyoya, yale ya kurukia hung'oka karibu yote kwa pamoja, akakaa majuma kadhaa bila kuruka, sura imechakaa. Halafu kuna udongo wetu mwekundu, unaoweza kumpaka bata rangi ambayo hakuzaliwa nayo.

"Na mkia, Mwalimu?"

"Mkia haupindwi na tope."

Dume na jike wa mdomo-njano hufanana, na hakuna kati yao mwenye mkia wa namna hiyo. Mkia uliojipinda ni alama ya dume wa bata kichwa-kijani wa Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini, ambaye ndiye babu wa bata weupe wanaofugwa. Bata wale wenye uso mwekundu wa vinundu, waliojaa vijijini, asili yao ni Amerika ya Kusini. Wakipandana na hawa weupe, watoto huwa tasa. Mweupe akipandana na mdomo-njano, watoto huzaa, na wajukuu huzaa. Kinachomtia mwalimu hofu ni hicho. Afrika Kusini imeyaona haya: kichwa-kijani walioletwa na watu walichanganyika na mdomo-njano, hata Cape Town ikalazimika kuwaondoa.

Basi huyu wa kwetu alitoka wapi? Nani alimwachia dume mweupe alale silangani? Je, yuko peke yake? Hesabu ya ndege wa maji inayofanywa kila Januari huelekeza macho zaidi kwenye maziwa makubwa, na silanga la familia moja huku kwetu Rachuonyo si rahisi kufikiwa. Mwalimu mwenyewe hakutaka kuapa; alisema tu kwamba kila alama anayoijua inaelekea upande mmoja.

Wewe unayefuga bata weupe karibu na maji, wafungie bomani jioni, wasichanganyike na wa mwituni. Na ukimwona mwenye mkia kama huu, mpige picha mdomo, miguu na mkia, uandike tarehe na mahali, kisha uwapelekee shirika la Nature Kenya.