Bizari ilinitia hasara: jaribu rangi kabla hujaposti

Mwaka jana nilituma mitandio 6 ya njano kutoka huku Mpapura kwenda Dodoma. Mteja akaniandikia: "Dada, umenitapeli? Nimefua, imekuwa na mabaka mekundu." Nikarudisha hela yote, na nauli ya mzigo ikawa juu yangu.

Kosa lilikuwa langu. Bizari ya manjano inashika pamba haraka na inang'aa kwenye picha, lakini ikikutana na sabuni inageuka wekundu, na jua linaipausha. Gome la mkoko linatoa kahawia inayodumu, ila mikoko inalindwa na sheria. Usibandue bila kibali.

Siku hizi natumia maganda makavu ya vitunguu maji, na kitambaa nakichemsha kwanza kwenye maji ya shabu. Kabla ya kuposti:

1. Kipande kimoja nakifua kwa sabuni ya mche, pamoja na kitambaa cheupe.
2. Kingine nakianika juani wiki nzima, nusu nimeifunika kwa boksi.

Visipobadilika sana, naposti. Kwenye maelezo naandika: "Rangi ya asili. Fua peke yake, anika kivulini."

Wewe rangi gani ilishakuangusha? Tuambie hapo chini.