Je, Mkristo Aitii Serikali Hata Inapokosea?

Ni swali linalozuka katika nyumba nyingi za mjini baada ya ibada ya Jumapili, chai ikiwa mezani. Kijana wa chuo kikuu anasema serikali inayokandamiza raia haistahili kutiiwa. Babake anafungua Biblia, Warumi 13, pale Mtume Paulo anapofundisha kwamba mamlaka hutoka kwa Mungu. "Isitoshe, mwenye nguvu mpishe," anaongeza mzee. Mjadala unaishia hapo, na kijana ananuna.

Je, wewe msomaji ungemjibu vipi kijana huyo?

Kwanza, yafaa kuendelea kusoma. Katika sura hiyo hiyo Paulo anamwita mtawala mtumishi wa Mungu, aliyewekwa kwa manufaa ya raia. Mtumishi ana bwana wake na ana kazi aliyopewa. Kwa hivyo sura inayomtaka raia alipe kodi na kuwaheshimu wakubwa, inamwonyesha mkubwa naye kwamba cheo si mali yake.

Pili, mtazame Paulo mwenyewe. Matendo ya Mitume sura ya 16 inasimulia jinsi yeye na Sila walivyopigwa viboko hadharani mjini Filipi na kutiwa gerezani bila kesi kusikizwa. Usiku tetemeko la nchi likafungua milango yote, lakini hawakutoroka. Asubuhi mahakimu wakaagiza waachiliwe kimya kimya. Paulo akakataa. Alikuwa raia wa Roma, na akataka mahakimu waje wenyewe kuwatoa. Wakaja.

Hapo pana mambo mawili ambayo sisi hupenda kuyatenganisha. Paulo hakulitoroka gereza, wala hakunyamaza haki yake ilipokanyagwa.

Hapa kwetu Kenya swali hili si geni. Mwaka 1986, chama cha KANU kilipoamua kwamba wapiga kura wapange mlolongo, Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, lilipinga. Mchungaji angesimama nyuma ya mgombea yupi bila kuligawa kundi lake? Hata hivyo, si Wakristo wote waliokubaliana. Kanisa la AIC, alikoabudu Rais Moi, lilijitoa katika baraza hilo mwaka huo huo.

Mlolongo ukatumika mwaka 1988, na watu wakashuhudia waliokuwa na mistari mifupi wakitangazwa washindi. Askofu David Gitari wa Kanisa la Kianglikana aliukemea wizi huo mimbarini. Aprili 1989 genge lilivamia nyumba yake usiku. Akapanda juu ya paa na kupiga mayowe hadi majirani wakafika.

Naye Askofu Alexander Muge wa Eldoret alionywa na waziri mmoja kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke akiwa hai. Alienda. Agosti 14, 1990, akiwa njiani kurudi, alifariki katika ajali ya barabarani. Desemba mwaka huo KANU ikaufuta mlolongo.

Maaskofu hao hawakushika silaha. Walisema waziwazi, kwa majina yao, wakijua gharama yake. Huo ndio mpaka ambao kijana wetu na babake wanautafuta: Mkristo huitii sheria, huliita kosa kwa jina lake, na akilazimika kukataa amri mbaya, hukataa mchana kweupe.

Lakini mambo haya hayaanzii kwa maaskofu. Mzazi anayempa polisi wa trafiki kitu kidogo huku watoto wakitazama kutoka kiti cha nyuma, amewafundisha nini kuhusu mamlaka? Na mwanafunzi anayevunja duka la mwenyewe wakati wa maandamano, anadai haki ya nani? Mmoja ameinunua sheria, mwingine ameivunja, na wote wawili wamempunguzia mtawala aibu ya kukosea.

Basi, mzazi, swali hilo likizuka tena mezani, usiifunge Biblia baada ya aya mbili za kwanza. Msomee mwanao Warumi 13 yote, kisha umfungulie Matendo 16. Nawe kijana, usinune. Msikilize mzee kwanza, kisha umwulize ni lini mara ya mwisho alipoona kosa la mkubwa akalisema.