Je, Wajua? Wino Usiozama na Udongo Mwekundu

Wangechi Mutu, msanii aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972 na anayefahamika zaidi kwa kolaji, yaani picha zinazoundwa kwa kukata na kubandika vipande vya karatasi, alihitimu shahada ya uzamili ya uchongaji, wala si ya uchoraji, katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani mwaka 2000. Jicho hilo la mchongaji huonekana hata katika kazi zake bapa, ambazo nyingi alizitengeneza juu ya Mylar, utando laini wa plastiki usiofyonza maji: wino ukimwagwa juu yake hauzami, bali hutuama kama vidimbwi, na unapokauka huacha mabaka yenye kingo zilizokolea yanayofanana na kuvu, magamba au ngozi ya kiumbe kisicho na jina. Umbo hilo, kwa hiyo, halikuchorwa. Lilijitokeza lenyewe kutokana na tabia ya malighafi, jambo ambalo mwanafunzi wa sanaa hujifunza kwa kuharibu karatasi nyingi.

Baadaye, katika mfululizo wa sanamu uitwao Sentinel, Mutu alichanganya udongo mwekundu, rojo ya karatasi, gundi ya mbao na matawi. Mchanganyiko wa aina hii si pambo tupu, kwani udongo mtupu husinyaa na kupasuka unapokauka, ilhali nyuzi za karatasi huushikilia na gundi huufunga kwenye mti.