Wafadhili walipoibana Kenya, shilingi iliumia

Mfanyabiashara wa Kigera anayeuza dagaa Sirari na kurudi Musoma na shilingi za Kenya mfukoni huenda hajali sana mabalozi wanasema nini Nairobi. Yaliyotokea kati ya 1990 na 1993 yanaonyesha kuwa mambo hayo yanamhusu.

Mei 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia walidai hadharani vyama vingi. Mwezi huo huo Balozi wa Marekani, Smith Hempstone, alieleza kuwa misaada ya nchi yake ingeelekezwa zaidi kwa nchi zinazojenga demokrasia. Serikali ya Rais Daniel arap Moi iliwaweka Matiba na Rubia kizuizini, na Julai 7, siku ya Saba Saba, polisi wakawatawanya kwa nguvu watu waliokusanyika Kamukunji. Ghasia zikasambaa na watu wakafa.

Soko halikutishwa sana na maneno ya balozi. Lililotikisa ni uamuzi wa Novemba 1991. Siku chache baada ya mkutano mwingine wa Kamukunji kuvunjwa, wafadhili walikutana Paris chini ya Benki ya Dunia, wakasimamisha misaada mipya kwa miezi sita. Hawakukata kila kitu, kama inavyosemwa mara nyingi. Walichozuia hasa ni fedha za haraka za kusaidia urari wa malipo, dola milioni 350 hivi. Hizo ndizo dola zinazowawezesha waagizaji kulipia mafuta, mbolea na vipuri.

Kisiasa dawa iliingia upesi. Desemba 3, 1991 wajumbe wa KANU waliokutana Kasarani walikubali kifungu cha 2A cha Katiba kifutwe.

Mifukoni ilikuwa hadithi nyingine. Si haki kuwabebesha wafadhili mzigo wote: noti zilimwagwa kuelekea uchaguzi wa Desemba 1992, na kashfa ya Goldenberg, ya ruzuku kwa dhahabu na almasi za kwenye makaratasi, ikakamua hazina. Lakini nchi iliyokuwa ikifuja hivyo haikuwa tena na dola za wafadhili za kuziba pengo. Mwaka 1993 mfumuko wa bei Kenya ulifikia asilimia 46.

Wastani wa dola moja ulikuwa shilingi za Kenya 27.50 mwaka 1991; mwaka 1993 ukawa 58. Aliyeficha shilingi 30,000 chini ya godoro alikuwa na dola 1,090 mwanzoni, akabaki na 517.

Huku Mara hasara hiyo ilijificha. Shilingi ya Tanzania nayo ilikuwa ikiporomoka, kutoka 219 hadi 405 kwa dola, hivyo shilingi moja ya Kenya ilishuka kutoka karibu 8 za Tanzania hadi 7 tu. Mwenye duka aliyelinganisha sarafu hizo mbili aliona amepoteza kidogo. Alipokwenda kununua injini ya mtumbwi, inayotoka ng'ambo, ndipo hesabu ilipomgeukia.

Misaada ilirejeshwa Novemba 1993. Julai 31, 1997, wiki chache baada ya maandamano mengine ya Saba Saba, Shirika la Fedha la Kimataifa lilisimamisha mkopo wake kwa Kenya, safari hii likilalamikia hasa rushwa. Shilingi ilianza kushuka ndani ya siku chache.